Jik Isipande Darini: Kuondoa Kuvu kwenye Kenchi na Papi za Nyumba Yako



Mvua zinazoanza Novemba zikishakatika baada ya Aprili, wakazi wengi wa Tunduma, Vwawa, Itumba na vijiji vya Mbozi hupanda darini kukagua paa, wakakuta mbao zimeota madoa meusi au ya kijani. Hiyo ni kuvu. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuiondoa, lakini kimeandikwa hasa kwa sababu ya jambo moja. Tunalitanguliza ili hata atakayeishia ukurasa huu awe amelipata: usipande darini na Jik, na usiichanganye Jik na kitu chochote isipokuwa maji.

Kwa nini tunarudia jambo hili

Wapo wanaoamini kwamba Jik ikichanganywa na dawa ya kusafishia choo huongezeka nguvu. Kinachoongezeka ni sumu. Dawa nyingi za choo zina tindikali, na tindikali ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia askari waliokuwa mahandakini karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Siki huitoa. Maji ya betri huitoa.

Klorini ni nzito kuliko hewa, takribani mara mbili na nusu. Kwa hiyo haipandi ikatokea kwenye kofia ya bati. Inashuka. Hupita kwenye maungio ya silingi bodi na kwenye tundu la dari, huingia chumbani na kutuama chini, pale alipolala mtoto kwenye mkeka. Katika nyumba za kupanga, ambako vyumba vingi viko chini ya paa moja na kuta nyingine huishia usawa wa dari, kosa la chumba kimoja humkuta jirani usingizini.

Mtu atajibu: mimi sichanganyi, natumia Jik tupu. Darini Jik haibaki tupu. Popo na panya wamekojoa juu ya zile mbao miaka yote, na mkojo uliokaa hutoa amonia. Jik ikikutana na amonia hutoa kloramini, gesi nyingine inayounguza macho, koo na mapafu. Nawe uko umeinama chini ya bati la moto, mlango wako wa kutokea ni tundu moja.

Na faida yenyewe haipo. Jik hufaa kwenye kigae, kwa kuwa kigae hakinywi maji. Mbao hunywa. Klorini huishia juu, maji yaliyobaki yakazama ndani na kuilisha kuvu uliyokusudia kuiua. Doa hufifia kwa muda, misumari hushika kutu, na mvua zikirudi kuvu hurudi. Tumeyasema haya kwenye mikutano ya mitaa na tutayasema tena, maana bado tunasikia watu wakielekezana mchanganyiko huu kama siri ya ufundi. Si ufundi. Ni hatari.

Kama imeshatokea

Ukisikia harufu kali, macho yakachoma, kikohozi kikabana, toka. Usirudi kuchukua ndoo wala simu. Watoe watu wote ndani, hata wa vyumba vya jirani, na msimame mahali penye upepo. Vua nguo zilizorowa, osha macho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Usijitibu kwa maziwa. Nenda kituo cha afya hata kama unajisikia nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Kuna mtu amenaswa ndani? Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Njia iliyo salama

Anza na maji, si na kuvu. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haioti kuvu. Ikiota, kuna mahali inapata maji. Tafuta msumari wa bati uliolegea, bati lililotoboka, kofia iliyoinuka. Katika nyanda za baridi za Mbozi na Ileje sababu nyingine ni jasho la bati: mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu hupanda usiku, hukutana na bati baridi, hugeuka matone na kudondokea papi. Paa lisilovuja hata kidogo linaweza kuwa na kuvu kwa njia hii. Fundi aache matundu ya hewa pande mbili za dari, yazibwe kwa wavu ili popo wasiingie.

Kisha pima. Kuvu ikizidi mita moja ya mraba, yaani zaidi ya nusu ya mlango wa kawaida, hiyo ni kazi ya fundi. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kirahisi, mbao imeoza na mtu asiikanyage, ibadilishwe.

Ukifanya mwenyewe, vaa barakoa ya N95 (kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la kuvu), glavu na miwani isiyoruhusu vumbi. Watoto, wajawazito na wenye pumu wawe nje. Ondoa mahindi yaliyohifadhiwa darini kabla ya kuanza. Usikwangue kuvu ikiwa kavu. Ilowanishe kidogo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya unga, sugua kwa brashi, futa kwa kitambaa safi, kisha acha hewa ipite hadi mbao ikauke kabisa. Sabuni hiyo inatosha. Doa likibaki kwenye mbao iliyokauka, liache. Doa si ugonjwa.

Usipake oili chafu kuficha madoa. Huficha pia unyevu, na huongeza moto nyumba ikiungua. Mbao zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huenda zina aseniki: zisipigwe msasa, na vipande vyake visiwe kuni za kupikia hata siku moja, kwani aseniki huondoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu.

Wapangaji wamwarifu mwenye nyumba kabla ya kupanda darini. Nyumba za taasisi zifuate utaratibu wa taasisi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ndiyo inayompa bwana afya au bibi afya mamlaka ya kukagua makazi. Kumwita si kujishtaki. Mwone kupitia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chako, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo, na umweleze mambo matatu: ukubwa wa kuvu, mahali maji yanapotoka, na dawa yoyote iliyokwisha kumwagwa darini.