Taa ilikuwa kijani: mtathibitishaje?

Wanakikundi, pikapu yenu ya maziwa imegongwa mjini penye taa. Kila dereva anaapa taa yake ilikuwa kijani. Taa yenyewe haitoi ushahidi, imeshabadilika zamani! Basi acheni kelele, mtafuteni shahidi asiyetoka kwa gari lolote kati ya hayo mawili: mama mboga, ama kondakta wa matatu iliyokuwa imesimama. Andikeni jina na simu yake. Pigeni picha kabla magari hayajasogezwa. Ripotini polisi kabla ya saa 24 kwisha, mpewe namba ya OB, halafu mwombe abstrakti. Lakini kama dereva wenu hakuangalia kando, korti yaweza kumgawia lawama hata kama alikuwa na kijani. Kesi ya fidia ifunguliwe kabla ya miaka 3 kuisha.