Kamera ya Usharika: Tusinunue kwa Kutazama Umbali Tu



Sharika kadhaa zimetuuliza kamera ya kununua kwa ajili ya picha na video za taarifa za miradi. Swali hilo linatugusa. Tuliwahi kununua moja kwa sababu ilivuta mbali sana. Siku ya kukabidhi madawati, ndani ya darasa lenye madirisha madogo, nyuso zote za watoto zilitoka na ukungu, na taarifa kwa mfadhili ikaenda bila picha.

Tunazungumzia kamera yenye lenzi moja isiyobadilishwa, inayopiga kundi zima na pia kumvuta mtu aliye mbali. Wauzaji husifia namba ya kuvuta. Nikon P1000 ya mwaka 2018 huvuta mara 125. Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 huvuta mara 16 tu. Lakini ndani ya kamera kuna kibamba kinachopokea mwanga, kiitwacho kihisi. Cha FZ1000 kina milimita 13.2 kwa 8.8, karibu mara nne ya eneo la kile cha P1000. Tena lenzi ya P1000 ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/8 tu, wakati ya FZ1000 hufunguka f/4, yaani hupitisha mwanga mara nne zaidi. Kwa mpiga picha wa ndege wa porini, P1000 ni sawa. Sisi hupiga picha madarasani, zahanati na ibada za jioni.

Kwa video, hakikisheni kuna tundu la kuchomeka kipaza sauti. Ushuhuda usiosikika haumfai mtu. Ubora wa 4K katika FZ1000 hula takriban megabaiti 750 kwa dakika, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hujaa kwa dakika 40 hivi. HD ya kawaida inatosha, na ni nyepesi kutuma.

Mkinunua iliyotumika, msilipe kabla ya kuijaribu. Ingieni ndani ya duka, zimeni taa, vuteni hadi mwisho, mpigeni picha muuzaji (wengi hawapendi!), kisha ikuzeni kwenye kompyuta. Pigeni pia ukuta mweupe. Madoa yakionekana mahali palepale katika kila picha, hata baada ya kufuta kioo cha mbele, huenda vumbi limeingia ndani, na halitoki bila fundi kuifungua kamera.

Kamati yenye simu nzuri ianze na hiyo kwanza, na fedha zisubiri kikao kijacho.