Je, kusakinisha Arch Linux kwa mkono kunafundisha?

Swali: Nimezoea Ubuntu, lakini sijui kinachoendelea ndani yake. Nimeshauriwa nisakinishe Arch Linux hatua kwa hatua. Nitajifunza kweli, au nitanakili amri tu?

Jibu: Utajifunza, ilimradi usiandike amri usiyoweza kuieleza. Arch, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, inakuachia kazi ambazo Ubuntu hukufanyia kimyakimya. Unagawa diski mwenyewe, unaweka mfumo wa faili katika kila sehemu, kisha unazipachika chini ya /mnt. Hapo utaona kwamba Linux haina diski C wala D. Kila kitu ni tawi la mti mmoja unaoanzia kwenye /.

Amri ya pacstrap ikishaleta kerneli na programu za msingi, na genfstab ikishaandika /etc/fstab, fungua faili hiyo uisome. Kila mstari unataja sehemu ya diski, mahali inapopachikwa na aina ya mfumo wake wa faili. Mimi naona faili hii peke yake inastahili jioni nzima.

Wengi huwasha upya wakakuta intaneti imepotea. Ile ya mwanzo ilikuwa ya mfumo uliopo kwenye flashi ya kusakinishia. Mfumo mpya hauna huduma ya mtandao inayofanya kazi mpaka uiweke mwenyewe, kwa mfano kwa kusakinisha NetworkManager na kuiamilisha kwa systemctl. Ukikwama hapo, usikimbilie kuanza upya: washa kwa flashi, pachika tena sehemu zako, ingia katika mfumo mpya kwa arch-chroot, urekebishe.

Anzia ndani ya mashine pepe ya VirtualBox, data zako zibaki salama. Programu ya usakinishaji ya archinstall iache kwanza, maana inafanya kazi ileile unayotaka kujifunza.