MTOTO ABEBE MZIGO WA KADIRI YAKE

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara na chanjo. Safari hii tunapenda kuangalia afya isiyopimwa kwa mizani ya kliniki, nayo ni afya ya moyo wa mtoto: kujiamini kwake, kutawala hasira yake na kuishi vizuri na wenzake. Afya hiyo hujengwa au hubomolewa mapema, nyumbani na katika shule ya awali.

Tuanze na jambo dogo. Ni asubuhi, mtoto wa miaka minne anahangaika na vifungo vya shati lake. Mama ana haraka: "Lete hapa, unatuchelewesha!" Vifungo vinafungwa mara moja. Mtoto amevaa, lakini amejifunza pia kwamba yeye hawezi. Shuleni anakalishwa kwenye benchi kuimba a-e-i-o-u, na akiuliza swali anaambiwa anyamaze. Jioni tunamsifu kuwa mtoto mwenye adabu. Je, ni adabu, au ni woga?

Somo la njia ya misafara

Sisi wa Tabora tunaishi kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi alianza kazi hiyo kwa kubeba pembe ndogo begani. Hatusemi watoto wa leo wabebeshwe mizigo. Mahali pao ni shuleni na kwenye michezo. Lakini tuone hekima iliyokuwamo: mtoto hakupewa mzigo wa baba yake, wala hakuachwa mikono mitupu. Alipewa wa kadiri yake.

Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watoto waliotekwa na kupelekwa utumwani. Hao nao walitii. Waliambiwa simama wakasimama, tembea wakatembea. Basi utii peke yake si kipimo cha malezi mema.

Daktari aliyejifunza kwa watoto

Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Badala ya kuwashurutisha, aliwaangalia. Alimwona binti wa miaka kama mitatu akichomeka vipande vya mti katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha zaidi ya mara arobaini, bila kujali kelele za wenzake. Alipomaliza alikuwa na furaha kama mtu aliyeamka usingizini.

Siku nyingine daktari huyo aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi kwa utaratibu, bila kelele. Watoto hawakucheka. Walimpigia makofi! Kila siku walikuwa wakikaripiwa na kuaibishwa kwa sababu ya kamasi, lakini hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kujisafisha wenyewe. Wazazi, hapo tujiulize: ni mara ngapi tunamkaripia mtoto kwa jambo ambalo hatujamfundisha?

Katika shule za namna hiyo watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja. Vifaa viko kwenye rafu wanazozifikia, na kila mtoto huchagua kazi, huifanya mpaka atosheke, kisha hukirudisha kifaa mahali pake. Mkubwa humsaidia mdogo. Kwa kuwa kifaa cha kila aina ni kimoja tu, mtoto hujifunza kungoja zamu yake. Katika nchi yetu, masista wameendesha vyuo vya walimu wa Montessori, kama vile Lushoto na Mtwara.

Njia hii imepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 kutoka Milwaukee, Marekani, uliwalinganisha watoto waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa bahati nasibu na wale waliokosa. Wa miaka mitano waliosoma huko walikuwa mbele katika kusoma na hesabu, na pia katika kumaliza ugomvi kwa kuzungumzia haki.

Nasi tuna mwalimu wetu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hapa hapa, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alitaka shule imjengee mwanafunzi akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini.

Kwa nini ni jambo la afya

Mtoto aliyezoea kusikilizwa atasema "naumwa hapa" kabla homa haijazidi. Aliyezoea kuchagua anaweza kusema "sitaki" mtu mzima anapomshika vibaya, kisha akaja kutueleza. Lakini mtoto aliyefundishwa kumtii kila mkubwa, bila swali, tumemwacha bila ngao.

Uhuru una mipaka

Wengine watasema: "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Hatusemi mtoto afanye atakavyo. Mipaka iwe michache na isibadilike: asijiumize, asiumize mwenzake, asiharibu vitu. Ndani ya mipaka hiyo, tumwachie nafasi.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tumwonyeshe kazi polepole, kwa maneno machache, kisha tumwachie. Akikosea, tusimnyang'anye, tumwonyeshe tena siku nyingine.

2. Tumpe kazi ya kweli ya kadiri yake: kunawa mikono, kufagia kwa ufagio mfupi, kumenya viazi vilivyochemshwa na kuvipanga kwenye mkeka wakati wa kuanika matobolwa.

3. Tumpe nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili: shati hili au lile.

4. Vifaa si lazima vinunuliwe. Vifuniko vya chupa vya kuhesabu na sinia la mchanga la kuandikia herufi vinatosha. Tahadhari: walio chini ya miaka mitatu wasichezee punje, karanga wala vifuniko, maana huweza kuwapalia. Moto, visu na dawa viwe mbali.

5. Akilia au akikasirika, tumsaidie kuitaja hali yake: "Umekasirika kwa sababu amekunyang'anya." Asiyeweza kusema hupiga.

6. Asubuhi tuamke mapema kidogo, dakika kumi tu. Hizo ni dakika za vifungo vya shati.

Maswali ya kujadili katika familia au jumuiya

Ni kazi gani tunamfanyia mtoto wetu ambayo angeiweza mwenyewe? Mara ya mwisho alipotuuliza swali, tulimjibu nini? Je, akipatwa na jambo baya leo, ana ujasiri wa kutuambia?