Dume la Nyuki na Maua Asiyoyapanda



Mpendwa kijana, ukisikia nyuki unawaza mzinga, malkia na kundi kubwa la wafanyakazi, si ndiyo? Kumbe aina nyingi za nyuki duniani haziishi hivyo. Kila jike hujenga kiota chake peke yake na kuwawekea watoto wake chakula bila kusaidiwa.

Leo tumtazame mmoja wa Ulaya, anayeitwa na wataalamu Anthidium manicatum. Jike hukwangua manyoya laini ya majani, huyakusanya kama kidonge cha pamba na kuyapeleka kwenye tundu la mti au ukuta. Humo hutandika, huweka chavua na nekta, kisha hutaga yai.

Dume sasa! Yeye hajengi kitu. Anachagua maua mazuri na kuyalinda, maana anajua majike watakuja kula hapo. Hana mwiba wa sumu, ila ncha ya tumbo lake ina miiba mitano migumu. Dume mwenzake akikaribia, anamgonga. Hata nyuki wa aina nyingine, aliyekuja kutafuta chakula tu, anavamiwa, na wakati mwingine anakufa. Wenye maeneo ni madume wakubwa. Wadogo huvizia pembeni.

Nyuki hatendi dhambi, ndivyo alivyoumbwa. Shida ni sisi.

Nilipiga kinanda kwaya ya vijana kwa miaka kadhaa. Akaja mdogo wetu mmoja, fundi kuliko mimi. Basi nikawa kila baada ya mazoezi naondoka na waya wa umeme wa kinanda, asije akakigusa. Nilijiambia nalinda mali ya kwaya. Baada ya wiki chache hakuja tena. Kinanda hakikuwa changu, kwaya haikuwa yangu, na wimbo nao haukuwa wangu.

Mtume Yohane naye alitaka kumzuia mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu, kisa tu hakuwa wa kundi lao. Soma Marko 9:38-40 uone Bwana alivyomjibu.

Tafakari wiki hii:
1. Ni nafasi gani unailinda kama mali yako, wakati uliikuta tu?
2. Nani amebaki pembeni kwa sababu yako?

Mpigie simu mmoja. Mimi nilipiga, japo nilichelewa sana.

Mungu akubariki.