Raia wa Athene na Baraza Lao

Katika nchi ya Uyunani, ambayo siku hizi huitwa Ugiriki, ulikuwako mji uliosifiwa sana kwa kuwa wenyeji wake walijitawala wenyewe bila mfalme. Mji huo ni Athene. Karibu na soko lake kiko kilima kiitwacho Pnyx, na hapo raia walikutana kufanya shauri la vita na amani, la kodi, la merikebu na la nafaka. Zamani za Demosthenes walikutana mara 40 kwa mwaka. Mpiga mbiu alisimama akauliza kama yuko atakaye kusema, na kila raia, awe seremala au tajiri, alikuwa na ruhusa ya kupanda jukwaani na kunena. Kisha neno lilikatwa kwa kuinua mikono. Asidhani mtu kwamba watu wote wa mji walikuwa na haki hiyo. Wanawake hawakuwa nayo, wala wageni, wala watumwa, nao watumwa walikuwa maelfu mengi.

Mwaka 483 kabla ya Kristo (na miaka hiyo huhesabiwa ikishuka), fedha nyingi ilipatikana katika machimbo ya Laurion, kusini ya mji. Shauri la kwanza lilikuwa kuwagawia raia fedha hiyo, kila mtu drakma 10. Ndipo Themistocles aliposimama akawasihi waache mgawo, fedha ijenge merikebu za vita. Watu wakakubali, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 480 Waajemi walikuja kwa jeshi kubwa, wakauteketeza mji; lakini raia walikuwa wamekwisha kuingia katika merikebu zile. Wengi wa waliovuta makasia walikuwa raia maskini, nao wakawashinda adui baharini, karibu na kisiwa cha Salamis.

Wajukuu wao hawakuacha kuusifu mji. Waliimba sifa zake katika sikukuu, wakawazika kwa heshima kuu waliokufa vitani, wakawaonyesha wageni majumba mazuri ya mawe. Lakini kupanda kilimani asubuhi na mapema kulianza kuwachosha. Mwaka 425 Aristophanes alitunga mchezo wa kuchekesha, na mwanzoni mwake mtu mmoja ameketi peke yake barazani, akipiga miayo, huku wenziwe wanapiga porojo sokoni. Ilikuwako kamba iliyochovywa katika ngeu nyekundu, nayo ilikokotwa sokoni ili kuwasukuma watu kuelekea Pnyx. Aliyekawia akaguswa nayo, nguo yake ilitiwa alama, watu wakamwona.

Haifai kuwalaumu wote pamoja. Mkulima wa Marathon alikuwa na safari ya kilometa 40 mpaka mjini, na shamba halimngoji mtu. Hata kilima chenyewe hakikuweza kuchukua zaidi ya watu elfu chache, na raia walikuwa labda 30,000. Lakini waliokaa karibu, wenye nafasi, nao hawakuja. Wayunani walimwita mtu ashughulikaye na mambo yake tu idiotes, na neno hilo likaja kuwa tusi la mpumbavu katika lugha za Ulaya.

Kamba ilipokuwa haitoshi, ulitafutwa ujira. Miaka michache baada ya mwaka 403, Agyrrhius aliamuru kila ajaye barazani apewe oboli 1, sarafu ndogo ya fedha. Watu hawakuja vya kutosha. Heracleides akaongeza zikawa 2, na Agyrrhius akaongeza tena zikawa 3. Hapo watu walikuja. Ujira ulimsaidia maskini aache kazi yake kwa siku moja, na jambo hilo lilikuwa haki. Lakini haukuweza kumfanya mtu ayabebe moyoni mambo aliyoyapigia mkono. Walikata shauri la vita, kisha wakaajiri askari wa kigeni wakapigane badala yao, na mara nyingi hata mshahara wa askari hao haukupelekwa. Ilikuwako pia fedha waliyogawiwa raia ili waingie katika michezo ya sikukuu. Kusema fedha hiyo itumike vitani kulikuwa hatari kwa msemaji.

Wakati huo Philip, mfalme wa Makedonia upande wa kaskazini, alikuwa akiteka mji baada ya mji. Mwaka 351 Demosthenes alipanda jukwaani akawakemea Waathene kwamba huzunguka sokoni wakiulizana habari, kama Philip amekufa au ni mgonjwa tu. Akawaambia kwamba hata akifa, uvivu wao utawaletea Philip mwingine upesi. Wakamsikiliza, wakarudi nyumbani. Mwaka 348 mji wa Olynthus, rafiki yao, uliomba msaada. Msaada wa mwisho ulichelewa, Philip akaubomoa mji na kuwauza watu wake.

Mwaka 339, jioni moja, mjumbe alifika Athene na habari kwamba Philip ameshika Elatea, mji ulio katika njia ya kuingilia nchi yao. Wakuu walikuwa mezani. Wakaondoka mara moja, wakawafukuza wachuuzi sokoni, wakamwita mpiga tarumbeta. Kulipopambazuka raia walikuwa wamekwisha kujaa kilimani, bila kamba. Mjumbe akasimamishwa, akasema habari zake. Mpiga mbiu akauliza ni nani atakaye kusema. Hakuna aliyeinuka. Akauliza tena na tena. Majemadari wote walikuwapo, na wasemaji wote, nao wakanyamaza. Hatimaye Demosthenes alisimama peke yake, akawashauri wafanye mapatano na mji wa Thebes. Sasa waliitoa hata fedha ya sikukuu iwe ya vita.

Mwaka uliofuata raia wenyewe walichukua silaha wakaenda Chaeronea pamoja na watu wa Thebes. Walipigana kwa ushujaa. Waathene 1,000 walikufa, na 2,000 wakatekwa. Tangu siku hiyo shauri kuu la vita na amani lilikuwa mkononi mwa Makedonia.

Walijaribu kujikomboa mwaka 323, Alexander mwana wa Philip alipokufa, wakashindwa mara ya pili. Mwaka 322 jemadari Antipater aliweka askari wake bandarini, akaamuru mtu asiye na mali ya drakma 2,000 asihesabiwe tena kuwa raia kamili. Plutarch aandika kwamba watu 12,000 walinyimwa haki yao hivyo. Wengine walikubali mashamba waliyopewa Thrace, mbali kaskazini, wakahama. Waliobaki waliwaona jirani zao wakipanda Pnyx, nao hawakuwa na ruhusa ya kufuatana nao.