KUWAKINGA NA JUA WATOTO WENYE UALBINO

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa mtoto mwenye ualbino huzaliwa na upungufu wa melanini, yaani rangi inayoikinga ngozi na miale ya jua. Kwa sababu hiyo madhara huanza tangu utotoni, na saratani ya ngozi huweza kumpata angali kijana.

Mtoto huyo avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, wala asikae juani baina ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Mawingu hayazuii miale yote. Maji na mchanga mweupe huirudisha mwilini, hivyo asifuatane na mama yake kwenye mashamba ya mwani saa hizo. Losheni ya kukinga jua ipakwe usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na irudiwe kila baada ya saa 2. Skuli nazo zimpatie kazi za kivulini.

Kidonda kisichopona kwa wiki 4 kisitibiwe nyumbani. Mtoto apelekwe hospitali. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, aghalabu huondolewa na mgonjwa akapona. Ikicheleweshwa, huua.